Dawa ya Uvivu wa Kisilu

Nyapara Nicanor Odhiambo alikuwa na dawa ya kila mfanyakazi mbaya, na ole wake aliyebisha. Mchelewaji alimpa kazi ya kugonga kengele ya asubuhi. Mwenye domo alimpanga katikati ya watu wawili wasiojua hata neno moja la lugha yake, na kabla ya jioni domo lilikuwa limefungwa. Hivyo ndivyo alivyoendesha meza za kuanikia kahawa katika shamba moja la mzungu kati ya Ruiru na Thika, mwaka wa hamsini na sita. Ungemkuta amekaa nje ya nyumba yake kwenye laini za wafanyakazi, kaptula ya kaki imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, angekusimulia kesi hizo zote, uwe umeuliza au hujauliza.

Basi akaja Kisilu kumtoa jasho.

Kisilu alikuwa kijana wa Kikamba kutoka Matungulu, mrefu, mpole, na hodari hasa. Kahawa ikishamenywa na kuoshwa huanikwa juu ya meza ndefu za waya. Upande huu husimama wanaume, wanaigeuza ili jua liikaushe sawasawa. Upande wa pili husimama wanawake, wanachambua punje mbovu. Isipogeuzwa, huoza chini na kupasuka juu, na mzungu naye hupasuka. Meza ya tatu ilikuwa ya Kisilu, na kahawa yake ilikuwa ikitoka pale safi, kavu, inalia kama njugu ukiitikisa mkononi. Nicanor alimsifu mbele ya watu mara nyingi.

Halafu, katikati ya mavuno, kijana akaharibika. Ghafla tu! Alianza kusimama ameipa meza mgongo, anageuza kahawa kwa mkono wa nyuma kama mtu anayejikuna. Nusu ilimwagika chini. Ukimwita anashtuka, ukimtuma mashineni anazunguka shamba zima kwa njia ya mbali. Na choo! Alikwenda choo kuliko watoto wa laini nzima wakati wa maembe.

"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji," Nicanor alimwambia mkewe, Aketch. "Nimemsifu sana. Sasa ngoja nimnyooshe."

Dawa ya kwanza ilikuwa matusi. Alipuliza filimbi, akakusanya wafanyakazi wote, wanaume kwa wanawake, akamsimamisha Kisilu juu ya sanduku na kumkaripia mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kisilu aliinamisha kichwa, akafunika uso kwa kofia. Nicanor aliridhika. Dawa imeingia, alisema moyoni. Kesho yake Kisilu akawa mbaya mara mbili.

Dawa ya pili ilikuwa ya tumbo. Kwa kuwa mtu haishi kwenda choo, Nicanor alitoka mwenyewe mpaka kwa Mhindi wa Ruiru, akanunua chumvi ya kuharisha, akamnywesha kikombe kizima huku akimwangalia kooni. Nani asiyejua matokeo ya chumvi ile? Siku ile meza ya tatu haikumwona Kisilu hata kivuli. Wanaume wengine walicheka mpaka wakashika mbavu, na Nicanor naye, ingawa alikuwa na hasira, ilimbidi ageuke pembeni ili asionekane anacheka.

Ndipo akapata wazo alilolipenda kuliko mawazo yake yote. Kwenye meza ya kwanza kulikuwa na mwanamke mgeni, Mama Ndila, mjane wa makamo kutoka Ukambani. Alikuwa ameletwa kazini na kaka yake, mzee Nzomo, mlinzi wa lango. Hakuwa amekaa hata mwezi, lakini yawa, mikono ile! Punje mbovu ilikuwa haijamaliza kuonekana, tayari imo kwenye debe. Na alikuwa mkali. Wasichana wazembe waliomzunguka walinyooka bila kuambiwa na nyapara.

"Dawa ya moto ni moto," Nicanor alisema. Akamtoa Mama Ndila meza ya kwanza, akamleta meza ya tatu, akamweka uso kwa uso na Kisilu. "Mama, huyu kijana ni mvivu. Mtolee macho. Asibanduke."

Mama Ndila akavuta leso yake mbele mpaka ikafunika macho. Kisilu naye akaanguka chini ya meza kana kwamba amepigwa risasi, akabaki hukohuko akidai kwamba anaokota punje zilizomwagika.

Nicanor alijisifu jioni nzima.

Kufikia siku ya tatu alikuwa hajisifu tena. Sasa walikuwa wameharibika wawili! Yule mwanamke mwenye macho ya mwewe alikuwa anachambua kahawa amejifunika gubigubi, anatupa punje nzuri na kuacha mbovu. Kisilu anageuza kahawa kutoka chini ya meza, mkono tu ndio unaonekana, unapapasa. Na ilikuwa lazima siku hizohizo ndipo mzungu apite.

Mzungu huyo, meneja wa shamba, watu walimwita Bwana Kiko kwa sababu kiko hakikutoka mdomoni mwake hata akiwa juu ya farasi. Alichota kahawa ya meza ya tatu, akainusa, akaitupa.

"Nyapara! Hii iko kahawa ama iko taka? Jumamosi mimi nakuja angalia tena. Kama bado mbaya, hii mtu kwenda, hii mama kwenda. Kwisha maneno."

Kwenda. Ilikuwa ni enzi ya Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali, na neno hilo lilikuwa na uzito wake. Nusu ya nyumba za laini zile zilikuwa za watu waliobebwa kwa malori kwenda kizuizini na hawakurudi, na ndiyo maana akina Nicanor na Kisilu walikuwa wamepata nafasi humo. Mtu akifukuzwa kazi, chumba kimekwenda, posho imekwenda, na karatasi ya kumruhusu kupita njiani imekwenda. Na mke wa Kisilu, Mbula, alikuwa mjamzito wa kuhesabu siku, hawezi hata kuinama kuwasha jiko. Nicanor alimwona jioni ile amekaa mlangoni, miguu imevimba, akamwamkia na kupita haraka. Roho ilimuuma. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini hakuwa mtu mbaya.

Kesho yake saa ya chakula aliamua kumfuata Kisilu, amshike pembeni, amwombe kama ndugu. Alimwona mbele yake kwenye njia ya bombani, gunia la kahawa begani, anatembea vizuri tu, tena anapiga mluzi. Kumbe mzima! Nicanor alitaka kumwita. Mara kwenye kona akatokea Mama Ndila, karai kichwani.

Kisilu aliruka. Na gunia lake, jamani! Aliruka kutoka njiani akaingia katikati ya mikahawa, matawi yakavunjika, akalala kifudifudi. Mama Ndila naye aligeuka akasimama ameelekea ua wa kaiyaba, pua karibu iguse miiba, leso imefunika kichwa na karai lake vyote pamoja. Walikaa hivyo, huyu kwenye majani, huyu kwenye miiba, hakuna anayetangulia kuondoka.

Jambo hilo Nicanor alilijua! Kule kwao Gem, mwaka aliooa, alikutana na mama yake Aketch kisimani, akapita katikati ya shamba la mihogo la watu, na mwenye mihogo akamfukuza kwa jembe akidhani ni mwizi. Hakusimama kujieleza. Angesema nini? Mama mkwe ni mama mkwe.

"Mayie," alinong'ona. "Mimi nimefanya nini?"

Alipiga mbio mpaka nyumbani, filimbi inadunda kifuani. Aketch alikuwa anasonga ugali.

"Mama Dalmas! Yule Ndila ni nani wa Kisilu?"

Aketch alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua hutokea wapi. "Si ni mama yake Mbula."

"Na wewe ulijua?"

"Laini nzima inajua."

"Mbona hukuniambia, mwanamke wewe?"

"Nilidhani ndiyo dawa yenyewe," alisema Aketch, na hapo akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka mwiko ukamwanguka. Alicheka kwa ajili ya karipio la hadharani, akacheka kwa ajili ya meza ya tatu, na alipofika kwenye chumvi ya kuharisha ilibidi akae chini. Nicanor alisimama hapo na kaptula yake ya pasi, hana pa kuweka uso. Mtu mzima amemtukana kijana wa watu mbele ya mama mkwe wake! Aibu ilimshika, ya kweli kweli.

Bila kula alikwenda langoni kwa mzee Nzomo. Mzee alikuwa anachonga rungu.

"Uliniuliza?" Nzomo alisema, kabla Nicanor hajamaliza kulalamika. "Uliuliza kama anajua kuchambua. Nikasema anajua. Sisi Wakamba tunaiita nthoni. Mtu na mama ya mke wake hawaonani, hawaitani, hawapishani njia moja. Si chuki hiyo. Ni heshima."

"Basi si wangesema tu niwatenganishe?"

"Aseme nani? Ndila amekuja kumpokea mtoto wa Mbula, na bila kazi hawezi kukaa hapa. Kisilu akilalamika, mama anafukuzwa na mke wake anazaa peke yake. Ndila akilalamika, kijana anafukuzwa, wote wanalala barabarani. Kila mmoja amemfichia mwenzake. Mficha uchi hazai, lakini utawaambiaje?"

Nicanor alivua kofia, akajikuna. "Basi. Kesho namrudisha mama meza ya kwanza."

"Na bomba la maji utalihamisha? Na njia? Mbula ana chumba kimoja, nyapara. Siku ya kuzaa mama yake ataingiaje mle ndani, na Kisilu anakaa humohumo?" Nzomo alipuliza unga wa mti kwenye rungu lake. "Nthoni huondolewa. Mkwe huleta mbuzi na blanketi, watu wanakula, imekwisha, wanaongea kama mtu na mama yake. Kisilu ana dume zuri, lakini liko Matungulu, na nani atampa ruhusa ya kwenda kulileta wakati huu wa mavuno?"

Sasa Nicanor alikuwa na beberu. Alikuwa akimlisha tangu mwezi wa Pasaka, mweupe, kifua kipana, na kila mtu pale alikuwa ameshaambiwa jinsi atakavyochinjwa Krismasi. Alirudi nyumbani akasimama mbele ya kibanda cha beberu. Aketch alimjia nyuma, safari hii hacheki.

"Dawa zote ulizotoa, Baba Dalmas, ziliwauma wengine," alisema. "Toa moja ikuume wewe."

Nicanor alimfungua mbuzi, akamvuta mpaka mlangoni kwa Kisilu. Kijana alipomwona alidhani amekuja kumfukuza na akasimama haraka.

"Kaa, kaa," Nicanor alisema. "Nilikutukana mbele ya mkwe wako, ndugu yangu. Nilikunywesha na chumvi. Sikuuliza. Nisamehe. Na huyu mbuzi ni wako."

Kisilu hakuamini. Alimtazama Nicanor, akamtazama mbuzi, akamtazama Mbula. Halafu akasema, taratibu, "Mbuzi wa kupewa haondoi nthoni, nyapara. Lakini wa kubadilishana anaondoa. Dume langu la Matungulu ni lako kuanzia sasa. Ni kubwa kuliko huyu."

"Kubwa kuliko huyu!" Nicanor aling'aka. Kisha akacheka, na Kisilu akacheka, na Mbula akacheka akishika tumbo na kuwaomba wanyamaze.

Alhamisi baada ya kazi, moto uliwashwa nje ya nyumba ya Nzomo. Blanketi lilikuwa jipya, jekundu, Kisilu mwenyewe alikuwa amelinunua Thika kwa ajili ya mtoto. Watu wa laini walikuja wote, Wakamba kwa Wajaluo kwa Waluhya, kwa maana nyama haiulizi kabila. Mama Ndila alikaa kwenye kigoda, uso umefunikwa. Kisilu alipiga magoti mbali, macho ardhini. Nzomo alisema maneno machache ya Kikamba, akachukua blanketi kutoka kwa kijana, akamfunika nalo dada yake mabegani, akampa kipande cha kwanza cha nyama. Kisha akamwambia afunue uso na aseme na mwanawe.

Nicanor alijisogeza mbele asikose neno, maana alitegemea baraka, au machozi, au wimbo.

Mama Ndila alishusha leso. Alimtazama mkwe wake usoni, mara ya kwanza tangu amwoze binti. Akavuta pumzi.

"Kisilu, mwanangu," alisema, "ile kahawa unaigeuza vibaya."

Watu hawakujua wacheke au wafanye nini.

"Hata kabla ya mambo haya! Nilikuwa nakuona kutoka meza ya kwanza, kwa pembeni ya leso. Unaanza katikati. Nani alikufundisha kuanza katikati? Ya ukingoni inabaki mbichi, halafu unaichanganya na iliyokauka, halafu mimi nalaumiwa! Siku zote hizi nimekaa na neno hilo hapa," akajipiga kifuani, "linanichoma kama kaa la moto, siwezi kulitoa! Na ukikunja mgongo vile utakuwa mzee kabla mtoto hajaota meno. Umenisikia?"

"Ii, mwaitu," Kisilu alijibu. Ndiyo, mama yangu. Na akatabasamu mpaka machozi yakamtoka.

Loo! Vicheko vilivyolipuka pale, askari wa lango la pili alikuja mbio na bunduki kuona kuna nini, akapewa mfupa. Aketch alipiga vigelegele. Nicanor alicheka, lakini ndani yake alishangaa. Alikuwa amesimama mbele ya meza ile msimu mzima na hakuwa ameona kwamba kijana anaanza katikati.

Ijumaa ungewaona! Mama Ndila upande huu, Kisilu upande ule, na sauti ya mama inasikika mpaka mashineni. "Ukingo, Kisilu! Ukingo kwanza!" "Ii, mwaitu!" Saa nane mvua ya vuli ilitishia kutoka upande wa Kilimambogo. Wawili hao walishika turubai, mmoja huku, mmoja kule, wakaifunika meza ya tatu kabla tone la kwanza halijaanguka, kisha wakaenda kuwasaidia wa meza ya nne bila kuitwa. Nicanor hakuwa na la kufanya ila kusimama na filimbi yake.

Jumamosi Bwana Kiko alifika. Alichota kahawa, akainusa. Akauma punje moja, akasikiliza inavyovunjika kwenye jino. Alizunguka meza nzima akitafuta kosa na hakulipata, na Kisilu muda wote alisimama wima.

"Hii iko kazi ya maana," mzungu alisema mwishowe. "Nyapara, wewe napatia yeye dawa gani?"

Nafasi ndiyo hiyo! Nicanor Odhiambo alifungua kinywa chake chote aanze kusimulia. Kisha akamwona Mama Ndila anamtazama, akamwona na Kisilu, na maneno yakageuka yenyewe.

"Si mimi, Bwana. Ni mama yake."

"Mama yake?" Bwana Kiko aliwatazama, hakuelewa chochote, akapandisha mabega. "Basi. Bakia wote." Akapanda farasi wake.

Kisilu aliketi palepale kwenye ukingo wa meza, na kwa mara moja hiyo mama mkwe wake hakumkaripia.

Asubuhi ya Jumapili Nicanor na Aketch walikuwa njiani kwenda kanisani, mume amevaa koti, ameshika kitabu cha nyimbo, walipomwona Kisilu nje ya chumba chake. Alikuwa amesimama mbali kidogo na mlango, hajui afanye nini na mikono yake. Mbula alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Nicanor alianza kumtania kwamba anaanza katikati, Aketch akamfinya, akanyamaza.

Kilio kikasikika. Kidogo, chembamba, kisha kikali.

Kama si ile Alhamisi, mama mkwe angemtuma mtu wa tatu kumwambia baba habari yake, na mtoto angepitia mikono ya jirani ndipo amfikie. Mlango ulifunguliwa na Mama Ndila akatoka mwenyewe, amechoka, mikono ya gauni imekunjwa, mtoto amefungwa ndani ya blanketi jekundu. Alitembea moja kwa moja mpaka kwa Kisilu, macho kwa macho.

"Msichana," alisema. "Mbula ni mzima. Mshike."

Kisilu alinyoosha mikono miwili, na Mama Ndila hakumwachia mara moja. Alimwekea kiwiko sawa, akakisogeza kichwa cha mtoto, akarekebisha na bega la kijana, kimya kimya, bila kelele hata moja. Ndipo akaachia.

Nicanor alivua kofia yake. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta, mwacheni anayetaka kucheka acheke. Kanisani walichelewa.